Mama Koki na Pampu Mpya

Asubuhi ya mwisho ya kawaida ilikuwa Jumanne. Mama Koki aliamka kabla ya mumewe, akachemsha chai, akamwita kwa kugonga ukuta na kijiko. Hakuwa mtu wa kusema "mume wangu, kumekucha." Kijiko mara mbili maana yake chai tayari. Mara tatu maana yake chai inapoa, na wa kuipasha ni wewe.

Wakanywea nje, kwenye ngazi za karavani yao. Yeye ngazi ya juu, mumewe ya chini. Karavani ni zile nyumba za magurudumu ambazo watu huzifunga nyuma ya gari wakasafiri nazo. Ya kwao ilikuwa imeshasahau safari. Ilikaa juu ya matofali mwaka wa kumi na tisa, kwenye kona ya kiwanja ambako wasafiri huegesha karavani zao wakapata maji, umeme na mahali pa kuoga. Wageni walikuja na kuondoka, wengine wakanogewa wakakaa miaka. Wao wawili walikuwa mafundi wa pale. Mke alitengeneza mabomba yaliyovuja. Mume alishona magodoro na viti vilivyolowa. Watu waliwatania: mama anaziba, mzee anaanika.

Asubuhi hiyo hawakusema mengi. Mke alisema viatu vya mumewe vimezeeka kuliko mwenyewe. Mume akasema viatu vyake havijawahi kuoa, sijui vimezeeshwa na nini. Mke akacheka mpaka akakohoa, akamwaga masalia ya chai kwenye kokoto, akaingia ndani kuvaa ovaroli.

Ndipo akapita msimamizi wa kiwanja. Watu walimwita Bwana Filimbi kwa sababu alining'iniza filimbi shingoni na kuipuliza kila gari lilipokuwa likirudi nyuma, hata kama dereva alikuwa anaona vizuri.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

"Niazime spana namba kumi na tatu, mara moja tu."

"Iko sandukuni. Jichukulie."

Mzee hakuuliza ya nini. Bwana Filimbi akachukua, akaenda zake akipiga mluzi. Baada ya hapo hawakupata tena asubuhi ya namna ile.

Mama Koki hakuzaliwa na jina hilo. Alilipata kwenye nyumba ya kulala wageni alikokuwa mfagiaji kabla hajaolewa. Fundi wa pale alikuwa na tumbo, na mabomba yalipita chini ya sakafu, mahali pa kutambaa. Kila bomba lilipopasuka, fundi alisimama juu akieleza, na msichana wa kufagia akaingia chini akafanya. Mwaka wa pili alimwendea mwenye nyumba, akamwambia, "Huyu anajua kueleza, mimi najua kufanya. Mmoja wetu hapa ni wa ziada." Akaachiwa sanduku la spana. Shule alikuwa ameishia darasa la pili. Herufi zilimpiga chenga mpaka mwisho wa maisha yake. Namba alizijua.

Kitu alichokithamini kuliko pete ya ndoa kilikuwa geji, kile kisaa cha kupimia presha ya maji. Pete aliivua akiwa kazini. Geji aliibeba mfukoni hata akienda msibani. Kwenye kioo chake alikuwa amechora mstari kwa rangi ya kucha ya binti yao, rangi nyekundu, pale kwenye tatu.

"Hapa ndipo karavani inapoanza kulia," alisema.

Na alikuwa na sababu. Nyumba ya matofali ina mabomba manene, imejengewa ubishi. Karavani ina vimirija vya plastiki na viungio vya kukaza kwa mkono, vinavyopita nyuma ya kabati na chini ya vitanda. Maji yakiingia kwa hasira hayapasui kitu kwa kishindo. Yanatafuta kiungio kilicho dhaifu kuliko vyote, yanapenya hapo, kimya kimya, mpaka godoro linywe na ubao wa sakafu uvimbe. Ukikaza kiungio hicho, yanahamia cha pili. Ndiyo maana karavani nyingi huwa na kipande cha shaba, urefu wa kidole, kinachofungwa kwenye koki kabla ya mpira wa maji. Kazi yake ni kupunguza presha. Pale kiwanjani walikiita breki.

Sasa, miaka yote kiwanja kilikuwa na tangi juu ya nguzo. Maji yalishuka kwa uzito wake tu, taratibu, kama mtu anayekwenda ukweni mikono mitupu. Ukifunga breki kwenye maji yale, bafuni unapata machozi. Wageni wa kudumu walipolalamika, Mama Koki aliwaambia, "Toeni breki. Ng'ombe aliyelala hafungwi kamba." Wakazitoa. Wakampa azitunze. Akazitia kwenye kopo la maziwa, kumi na moja jumla, akalisukuma chini ya kitanda. Miaka minane ikapita.

Jumanne ile tangi likastaafishwa. Fundi wa pampu alikuwa ameshafunga pampu mpya tangu Jumatatu, na alipokuwa anakusanya vyombo vyake alimwambia Mama Koki, fundi kwa fundi, "Nimeiweka kwenye tatu. Inawatosha. Asiiguse mtu." Mama Koki akaridhika. Tatu aliijua, ilikuwa na rangi ya kucha.

Mchana mwenye kiwanja mwenyewe alikuja kuiona pampu yake. Bwana Filimbi akafungua koki ya mbele. Maji yakaruka mpaka kwenye suruali ya tajiri, na tajiri akacheka.

"Haya sasa ndiyo maji!"

Watu wakapiga makofi. Mama Koki hakupiga. Alikuwa ameinama, ameukamata mpira wa maji wa jirani kwa kiganja, kama anayempima mtoto homa.

"Umekakamaa huu," alisema. Lakini kulikuwa na makofi, na hakuna aliyemsikia isipokuwa mumewe.

Jumatano, saa tano asubuhi, Mwalimu alirudi kutoka sokoni akakuta zulia lake linaelea. Mwalimu alikuwa mama mstaafu aliyeishi peke yake kwenye karavani ya safu ya pili, na vitabu vyake vyote alivipanga chini. Mama Koki akaingia chini ya sinki, akakuta kiungio kimoja kinatema. Akabadilisha washa, kile kipete cha mpira, akakaza, akafuta. Alhamisi, saa tano, Mwalimu akavuja tena, mahali pengine. Na jirani yake naye. Ijumaa zikavuja nne. Mzee alianika magodoro kwenye uzio mzima, toka lango mpaka choo, ungedhani kuna hospitali imehama.

Bwana Filimbi akaona pa kutokea. Akamkuta Mama Koki tumboni mwa karavani, miguu tu iko nje, akaanza kuongea na miguu mbele za watu.

"Mama, mbona zote zinazovuja ni ulizozigusa wewe?"

"Kwa sababu hapa hakuna ambayo sijaigusa," sauti ikatoka chini. "Mtaa ukiwa na kinyozi mmoja, kila mwenye upara amenyolewa naye."

Watu wakacheka. Bwana Filimbi hakucheka.

"Usipoziba ufa, mama..."

"Utajenga ukuta, najua. Methali hiyo nimeambiwa na kila aliyechelewa kuniita. Nipe kitambaa hicho kilicho karibu na kiatu chako."

Akampa. Lakini neno lilikuwa limeshatoka. Jioni hiyo, kwenye masinki ya kuoshea vyombo, mzee alisikia mama mmoja akimwambia mwenzake kwamba fundi amezeeka, mikono haina nguvu tena. Mzee alikuwa na sufuria mkononi. Aliiosha mara mbili kwa hasira. Akaenda akamweleza mkewe. Huyo angetukanwa sura, umri, au kabila la mama mkwe wake, asingejali. Kazi yake ilikuwa jambo jingine.

"Mikono haina nguvu," alirudia. "Haya. Tutaona ni mikono au ni maji."

Jumamosi hakwenda kwa mtu. Aliifanyia kazi karavani yao wenyewe. Alifungua kabati zote, akatoa magodoro, akavivisha viungio vyote karatasi ya chooni, kimoja kimoja, kama anafunga vidonda. Karatasi ikilowa, imekwambia pa kuangalia. Halafu akafunga geji kwenye koki yao, akakaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, akasubiri. Mzee akakaa naye akiparua kutu kwenye sindano zake.

Asubuhi watu walioga, wakaosha vyombo, na mshale wa geji ukachezacheza kwenye tatu, nne, tatu. Kisha magari yakaanza kutoka langoni, filimbi ikilia. Watu wakaenda matembezini. Koki zikafungwa moja baada ya nyingine kiwanja kizima. Pampu ikabaki inasukuma, na maji hayana pa kwenda. Mshale ukapanda. Ukapita rangi ya kucha kama haukuiona. Ukapita tano. Ilipofika saa tano kasorobo ukasimama kwenye sita na nusu, na ndani ya karavani karatasi ya kwanza ikaanza kulowa.

Mama Koki hakunyanyuka. Alinyoosha kidole.

"Fundi wa pampu aliniambia tatu. Nani ameigusa?"

Mzee akaangalia sindano.

"Nimekuuliza?"

"Jumanne," mzee alisema. "Filimbi aliazima spana."

"Namba ngapi?"

"Kumi na tatu."

"Ya skrubu ya kupandishia pampu. Na wewe ukampa."

"Aliniamkia vizuri."

Mkewe akamtazama kwa muda. Mzee alikuwa ameoana naye miaka arobaini na moja, na alijua kuna kutazamwa ambako ni afadhali kupigwa.

"Siku nyingine mtu akikuamkia vizuri," alisema, "mpe chai."

Akaingia ndani kufunga maji. Mzee akamsikia akihamisha vitu chini ya kitanda. Alipochungulia akamkuta amekaa sakafuni, miguu imenyooka mbele, kopo la maziwa mapajani. Breki kumi na moja. Shaba ilikuwa imeingia ukungu wa kijani.

"Kumbe na mimi nimo," alisema.

Mzee hakuelewa mara moja. Ikabidi aelezwe. Pampu hata ingewekwa kumi, karavani yenye breki ingesalimika. Wageni hawakuwa na breki kwa sababu yeye aliwaambia wazitoe. Siku pampu ilipokuja, mtu wa kwanza kukumbuka kopo alipaswa kuwa yeye. Hakukumbuka. Siku tatu alikuwa amelala chini ya sakafu za watu akikaza viungio, na dawa iko chini ya kitanda chake mwenyewe.

"Zirudishe kimyakimya," mzee alimshauri. "Sema umezinunua. Ni miaka minane, nani anakumbuka?"

"Mimi."

"Wewe si mtu wa nje."

"Ndiyo sababu. Hao wa nje wataondoka kesho kutwa na karavani zao. Mimi nitabaki na mimi."

Jumapili alizisugua kwa siki na chumvi mpaka zikang'aa, akapita mlango kwa mlango. Mzee alimbebea kopo. Aliyoyasema hayakuwa marefu, na aliyasema sawasawa kwa kila mtu, hata kwa yule mama wa mikono haina nguvu. Kwa Mwalimu alisema hivi:

"Mwalimu, mimi ndiye niliyekwambia utoe hii. Wakati ule nilikuwa sawa. Pampu ilipokuja nilitakiwa nikurudishie siku ileile, nikasahau. Vitabu vyako vimelowa, nusu ni kwa usahaulifu wangu. Nitavikausha kimoja kimoja, na mzee atakushonea zulia. Nusu nyingine iko kwenye nyumba ya pampu."

Mwalimu aliinua miwani. "Hiyo nusu nyingine haina jina?"

"Ina filimbi."

Mwalimu alicheka mpaka akashika mlango. Wengine walinuna. Mmoja alimfungia mlango usoni, na Mama Koki akafunga breki kwenye koki yake hivyohivyo, akaondoka. Kufika jioni karavani kumi na moja zilikuwa na breki. Mivujo ikapungua palepale. Mzee akadhani mambo yameisha.

Jumatatu Bwana Filimbi akaja na karatasi.

"Umekiri mwenyewe, mama, mbele ya watu. Mimi nimeandika tu ulichosema. Weka dole gumba hapa chini, mwenye kiwanja ajue suala limekwisha."

Mama Koki akamwita Mwalimu amsomee. Watu waliokuwa karibu wakasogea. Mwalimu akasoma kwa sauti ya darasani: "Mimi, fundi wa kiwanja, nakubali kwamba uharibifu wote wa maji umetokana na uzembe wangu..."

"Simama hapo. Rudia neno baada ya uharibifu."

"Wote."

Mama Koki akamgeukia Bwana Filimbi. "Kata hilo. Andika nusu. Andika kwamba fundi alisahau breki, na msimamizi alipandisha pampu toka tatu mpaka sita na nusu ili maji yamrukie tajiri kwenye suruali. Andika hivyo, naweka sasa hivi, vidole vyote kumi ukitaka. Na vya miguuni."

"Nani kasema nimepandisha?"

"Spana yangu. Na hii." Akatoa geji.

"Hicho kisaa cha rangi ya kucha?" Bwana Filimbi akawageukia watu. "Jamani, tumefika huku? Msimamizi ahukumiwe kwa vipodozi?"

"Kifunge mwenyewe. Koki ile pale, ya ofisini kwako. Kama kinasema uongo, si utakiona?"

Bwana Filimbi alisema hana muda wa michezo. Mwalimu akachukua geji, akaenda akaifunga mwenyewe, ingawa hajawahi kushika kitu cha namna ile. Ilikuwa saa tano na dakika chache. Akasoma kwa sauti ileile ya darasani:

"Sita na nusu."

"Kimeharibika," alisema Bwana Filimbi.

"Haya, kimeharibika," Mama Koki alimjibu. "Mbona jasho linakutoka kabla hujakiona?"

Watu walicheka, na hapo pengine ndipo walipokosea wote, kwa sababu mtu mwenye cheo akichekwa hasahau. Aliikunja karatasi taratibu mara nne. Akasema mwenye kiwanja hataki nusu. Wageni wamelalamika, na mwenye kiwanja anataka mtu mmoja wa kubeba lawama, mtu mmoja, jina moja.

"Basi amtafute," alisema Mama Koki. "Mimi ni nusu."

"Usipoweka dole gumba mpaka mwisho wa mwezi, karavani yenu itoke kiwanjani. Matofali pia."

Jioni hiyohiyo mshale wa geji ulishuka mpaka tatu. Hakuna aliyemwona aliyeshusha. Safari hiyo hakuja kuazima spana. Toka siku ile hapakuvuja hata karavani moja, yenye breki wala isiyo nayo. Karatasi tu ndiyo ilibaki.

Mzee hakulala vizuri. Alikuwa na miaka sabini na tatu. Cherehani yake ilikuwa ya kukanyaga, nzito kama jiwe la kusagia, na wateja wake wote walikuwa ndani ya uzio ule. Kila alipomwanzishia mkewe maneno, mkewe alimuuliza swali la kazi. Umeona bisibisi yangu? Zulia la Mwalimu limefika wapi? Miguu yake ilikuwa imeanza kuvimba tangu mwaka uliopita, na daktari alikuwa ameshamwambia apumzike. Alimuuliza daktari kupumzika kunaanzia wapi.

Wiki mbili baadaye alikuwa chini ya karavani moja akibadilisha mrija wa maji machafu. Mzee alikuwa nje akipima kitambaa. Akaona miguu imetulia muda mrefu. Akaita. Hakujibiwa. Akaishika miguu akaivuta.

"Polepole," mkewe alisema, sauti haina pumzi. "Nina spana mkononi."

Alikaa hospitali siku kumi na moja. Moyo, walisema. Umechoka. Daktari alimweleza mzee na binti yao nje ya wodi, kwenye benchi, kwa maneno mazuri, na mzee aliyaelewa yote ingawa alitamani asiyaelewe. Binti alikuwa amesafiri siku nzima kuja. Alilia akamaliza, akaenda akampaka mama yake rangi ya kucha. Mama Koki alizitazama kucha zake, akasema sasa ameshafika tatu, asiongezwe maji.

Alizikwa siku ya Alhamisi. Mwalimu alikuja. Yule mama wa mikono haina nguvu alikuja pia, akamshika mzee mkono, na ilitosha.

Mwisho wa mwezi karavani ilitolewa. Magurudumu yaligoma kuzunguka, ikabidi ipakiwe juu ya lori. Sasa iko nyuma ya gereji wanakounda mabodi ya mabasi, na mzee anawashonea viti vya abiria. Kazi ipo. Maji ya kule ni ya ndoo, hayana presha ya aina yoyote. Bwana Filimbi alimfuata hadi huko mara moja, na karatasi mpya, aweke yeye dole gumba kwa niaba ya marehemu. Mzee hakunyanyua mguu kwenye cherehani. Alimwambia mwenyewe alishajibu, na maiti habadilishi kauli.

Kujibu kwenyewe kulikuwa Jumapili, siku nne kabla ya Alhamisi ile, saa ya kuona wagonjwa. Wodi ilikuwa na vitanda kumi na viwili, na wageni wamejaa mpaka kwenye madirisha. Bwana Filimbi aliingia na mfuko wa machungwa. Filimbi alikuwa ameivua, shati amelipiga pasi. Hakuwa mtu mbaya sana. Alikuwa na watoto wanne na alikuwa na tajiri juu yake. Alisimama upande wa miguuni, akaamkia vizuri.

"Shikamoo, mama. Pole sana."

"Marahaba. Pampu inaendeleaje?"

"Iko kwenye tatu, mama."

"Umejifunza."

Binti akampa kiti, hakukaa. Alimung'unya maneno, mwisho akatoa karatasi na kile kibati cha wino. Akasema amezungumza na mwenye kiwanja. Kama mama ataweka dole gumba, mzee hataguswa. Atakaa pale kwenye kona yake maisha yake yote, na ahadi hiyo imeandikwa hapahapa, mstari wa mwisho. Binti akaichukua akaisoma. Ilikuwa imeandikwa kweli. Na lile neno "wote" lilikuwa pale pale.

"Mama, ni karatasi tu," alisema Bwana Filimbi. "Wewe sasa haikudhuru kitu. Mfikirie mzee."

Hapo mzee akaongea. Kuna siku anatamani angeuma ulimi. Alimshika mkewe mkono, ule usio na sindano ya maji, akasema, "Weka tu, mke wangu. Nani atakuja kuisoma? Mimi nitakwenda wapi na cherehani ile?"

Binti akainamisha kichwa. Bwana Filimbi akafungua kibati cha wino. Kitanda cha pili wakageuka kutazama.

Mama Koki akamgeukia mumewe kwanza. Hakukasirika. Alimtazama kama alivyokuwa akimtazama akimwona amevaa shati kinyume.

"We mzee. Siku unaniposa, ulikuwa na kiwanja?"

"Sikuwa nacho."

"Ulikuwa na nini?"

"Cherehani."

"Bado unayo?"

"Ninayo."

"Basi."

Akauondoa mkono wake kwenye mkono wa mumewe, akajisukuma mpaka akakaa, peke yake, binti alipotaka kumsaidia akakataa. Akamsubiri Bwana Filimbi asogee na wino. Akasogea. Mama Koki akakinyanyua kidole gumba, kucha nyekundu, karibu kabisa na uso wa msimamizi, ili aone vizuri, akamwambia:

"Dole gumba hili limeziba matundu ya watu tangu sijaolewa. Pako panapovuja, paziba mwenyewe."